Amana au Nyara?



Amri ya nane twaifundisha kila mwaka katika darasa la kipaimara. Watoto wetu hujifunza ya kuwa tusimsingizie jirani, wala tusimharibie jina nyuma yake, bali tumtetee, na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Mafundisho hayo twayapata katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, nayo yametulea sisi na baba zetu.

Sasa limetokea swali. Katika mkutano wa walimu wa mitaa yetu, mwalimu kijana mmoja alisimama akauliza: "Je, ni kweli ya kuwa yeye aliyetueleza amri hii aliivunja kwa kalamu yake mwenyewe, alipoandika juu ya Wayahudi? Na kama ni kweli, tuwaambie watoto, au tunyamaze?" Pakawa kimya. Ndipo mzee mmoja wa usharika, mtu mwenye heshima, akamjibu kwa upole: "Mwanangu, wakumbuke wana wa Nuhu. Hamu aliuona uchi wa baba yake akaenda kuutangaza. Shemu na Yafethi walitwaa vazi, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika. Sisi tu wana wa Luther. Tumfunike." Wengi wakaitikia kwa kichwa.

Tulirudi nyumbani tukiwa na maneno ya wote wawili moyoni. Hatukuweza kuyaweka kando, kwa maana swali hili si la Luther peke yake. Ni swali la habari za taifa zima la watu: nani azitunze, azitunze kwa nia gani, na kama zatushuhudia vibaya sisi wenyewe, je, tuna ruhusa kuzifukia? Twataka kulijibu kadiri tulivyopewa.

Kwanza tuyaseme yaliyotukia. Wayahudi si wageni wa jana katika Ulaya. Walikuwako Rumi kabla Mtume Paulo hajafika huko. Katika mji wa Köln, nchi ya Ujerumani, wametajwa katika amri ya Kaisari Konstantino ya mwaka 321. Katika miji ya Mainz na Worms walikuwa na vyuo vya Torati vyenye sifa karibu miaka elfu iliyopita. Huko Poland, kabla ya vita ya mwaka 1939, walikuwa zaidi ya 3,000,000, wenye lugha yao ya Kiyidishi, shule zao, magazeti yao, mafundi wao, washairi wao, na magomvi yao pia kama watu wote.

Mwaka 1523 Luther aliandika kitabu kidogo cha kuwakumbusha Wakristo ya kuwa Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, na ya kuwa Kanisa limewatendea Wayahudi kama mbwa na si kama watu. Laiti angeishia hapo! Lakini mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, aliandika kitabu kingine kilichojaa matusi na masingizio. Aliwashauri wakuu wa nchi wazichome sinagogi na shule zao, wazibomoe nyumba zao, wawanyang'anye vitabu vya sala na vya mafundisho, wawakataze walimu wao kufundisha, wawaondolee ulinzi wa njiani, na kuwatwalia fedha na dhahabu yao. Sisi tuliosoma chuoni mafundisho yake mazuri juu ya neema, tunapousoma ushauri huu mkono hutetemeka.

Wakuu wengi wa siku zile hawakuyafuata yote. Walakini neno lililoandikwa halifi pamoja na mwandishi wake. Miaka 395 ikapita. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, hata kulipopambazuka tarehe 10, sinagogi zaidi ya 1,000 zilichomwa au kuvunjwa katika Ujerumani na nchi zilizokuwa chini yake, na wanaume Wayahudi wapatao 30,000 walikamatwa. Tarehe 10 Novemba ni siku ya kuzaliwa kwake Luther. Basi askofu mmoja wa Thuringia, Martin Sasse, alitoa kijitabu cha maneno ya Luther juu ya Wayahudi, akafurahi ndani yake ya kuwa sinagogi zawaka siku ya kuzaliwa kwa mwalimu wetu. Na baada ya moto ule yakaja mauaji. Hata vita ilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi wapatao 6,000,000 walikuwa wameuawa.

Hatusemi ya kuwa Luther aliwasha moto wa mwaka 1938. Waliouwasha walikuwa na chuki yao wenyewe, na uovu wao ulikuwa na mizizi mingi. Twasema hivi tu: walipotafuta kuni, walizikuta zimekwisha kupasuliwa, zimepangwa uani kwetu.

Sasa tumrudie mzee wetu. Hatumdharau. Heshima kwa baba ni amri ya Mungu, na mtu anayefurahia aibu ya wazee wake ana ugonjwa moyoni. Lakini twaona mambo matatu ambayo vazi la Shemu na Yafethi haliwezi kuyafunika.

Jambo la kwanza: Nuhu alilewa katika hema yake mwenyewe. Uchi wake ulimwaibisha yeye peke yake. Hakumchomea mtu nyumba. Kosa lililomwumiza jirani si uchi tena. Ni deni, na deni lina mwenyewe. Anayefunika uchi humstahi baba yake. Anayefunika deni humwibia mdai. Wahenga wetu walisema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kulifunika nguo.

Jambo la pili latugusa sisi Waafrika mahali penye kovu. Sura hiyo hiyo ya Mwanzo 9, yenye habari za Hamu, ilitumiwa kwa muda wa karne nyingi na watu waliojiita Wakristo ili kusema ya kuwa mtu mweusi amelaaniwa na Mungu awe mtumwa. Maandiko hayasemi hivyo. Aliyetajwa katika laana ile ni Kanaani, wala rangi ya mtu haimo. Lakini uongo ule ulihubiriwa, ukaandikwa vitabuni, na watu wakauzwa kwa ajili yake. Haya, ndugu, na tuulize: kama wajukuu wa wahubiri wale wangetuambia leo, "Tunawaheshimu babu zetu, kwa hiyo vitabu vile tumevifungia, wala msituulize habari zake," je, tungeona wametenda haki? Tungesema: mmewastahi wazee wenu kwa gharama ya jina letu. Basi lile ambalo tusingependa tutendewe, tumtendeeje Myahudi?

Jambo la tatu ni Maandiko yenyewe. Nani aliyetufundisha kuandika makosa ya wazee? Ni Wayahudi. Kama wangekuwa watu wa kufunika, tusingejua habari za ndama ya dhahabu aliyoitengeneza Haruni, wala habari za Daudi na mke wa Uria, wala za Petro penye moto wa makaa. Danieli katika sura ya 9 aungama dhambi za baba zake pamoja na zake mwenyewe. Katika Nehemia, sura ya 9 vilevile, watu walisimama mchana wakiyasoma na kuyaungama. Hawakumpenda Daudi kwa upungufu kwa sababu walimwandika kwa ukweli. Twaimba Zaburi zake hata leo. Kwa hiyo na sisi twaweza kufundisha Katekisimo ya Luther asubuhi, na jioni kusema wazi: katika neno hili alitenda dhambi. Mficha maradhi, kifo kitamwumbua.

Lakini tukiisha kukubali ya kuwa habari za Wayahudi wa Ulaya zitunzwe na kusomwa, kazi haijaisha. Maana kuna namna mbili za kutunza habari za watu, na kwa nje zafanana sana. Namna moja ni ya nyara, nyingine ni ya amana. Nyara ni kitu ulichokiteka. Wakiweka ili kionyeshe ushindi wako. Amana ni kitu ulichokabidhiwa. Wakiweka kwa ajili ya mwenyewe, nawe utaulizwa.

Wale waliowaua Wayahudi nao walikuwa watunzaji. Jambo hili watu wengi hawalijui. Mwaka 1941 walifungua katika mji wa Frankfurt nyumba ya utafiti wa mambo ya Wayahudi, wakaijaza vitabu vilivyoibwa katika maktaba za Kiyahudi za nchi nyingi. Walikuwa na wataalamu, orodha na kabati zilizopangwa vizuri. Hawakukosa elimu. Walikosa jambo moja: mwenye kitabu hakuwako mezani, kwa maana walikuwa wakimwua. Vita ilipokwisha, vitabu vilivyopatikana vilikusanywa katika ghala moja kubwa mji wa Offenbach, karibu na Frankfurt, kuanzia mwaka 1946. Zaidi ya vitabu na maandiko 2,000,000 yakarudishwa katika nchi yalikotwaliwa, au kwa mashirika ya Kiyahudi, kwa kuwa wenyewe wengi hawakuwa hai kuvipokea.

Na ndani ya Kanisa letu je? Tarehe 6 Mei 1939, katika ngome ya Wartburg, mahali pale pale Luther alipoligeuza Agano Jipya kwa Kijerumani, ilizinduliwa taasisi ya wanateolojia iliyokaa katika mji wa Eisenach. Shabaha yake ilikuwa kuuchunguza na kuuondoa kila ushawishi wa Kiyahudi katika maisha ya Kanisa la Ujerumani. Wakatoa Agano Jipya lililopunguzwa, na kitabu cha nyimbo ambamo maneno ya Kiebrania yaliondolewa, hata Haleluya. Wakafundisha ya kuwa Yesu hakuwa Myahudi. Hao walikuwa wachungaji na walimu wa vyuo vikuu, waliokijua Kiebrania na Kiyunani kuliko sisi. Basi ndugu, elimu juu ya jirani si upendo kwa jirani. Mtu aweza kusoma habari zako maisha yake yote, na shabaha yake iwe kukufuta.

Sasa tuitazame namna ya pili. Mwezi wa Novemba 1940 Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa mji wa Warsaw nyuma ya ukuta; watu zaidi ya 400,000 walisongamana katika mitaa michache, wakifa kwa njaa na homa. Ndani ya ukuta ule alikuwamo mwalimu wa historia jina lake Emanuel Ringelblum. Akakusanya wenzake wapatao 60, wanaume na wanawake: waalimu, waandishi, marabi, wafanya biashara. Walikutana kwa siri siku ya Jumamosi, kwa hiyo wakajiita kwa lugha yao Oyneg Shabes, maana yake Furaha ya Sabato. Kazi yao ilikuwa kuandika na kukusanya kila kitu. Hawakukusanya maneno ya wakubwa tu. Waliweka insha za watoto wa shule, hati za kugawiwa mkate, tikiti za gari la njiani, karatasi za peremende, barua za mwisho, mizaha ya mitaani, na habari za majiko ya supu ya maskini. Mwanamke mmoja miongoni mwao, Rachel Auerbach, alisimamia jiko la namna hiyo, akaandika habari za watu waliokula pale.

Tena Ringelblum aliwataka waandike ukweli wote, hata ule unaowaaibisha Wayahudi wenyewe: habari za walioshirikiana na adui, za polisi wao waliowakamata ndugu zao, za matajiri waliokula mbele ya wenye njaa. Hapa tena twaiona damu ya wale walioandika habari za Daudi. Mtu aliye karibu na kufa, anayetukanwa na ulimwengu mzima, angeweza kusamehewa kama angeandika mazuri tu. Hawa hawakutaka hivyo.

Mwezi wa Julai 1942 ulipoanza uhamisho wa kuwapeleka watu kuuawa huko Treblinka, waliyatia maandiko katika masanduku 10 ya bati, wakayafukia chini ya jengo la shule katika mtaa wa Nowolipki. Mwezi wa Februari 1943 wakafukia mengine, katika vyombo viwili vikubwa vya chuma vya kuchukulia maziwa. Ringelblum na mkewe na mwana wao mdogo walifichwa pamoja na wengine chini ya ardhi, kwa msaada wa mkulima wa bustani wa Kipoland, hata tarehe 7 Machi 1944 walipogunduliwa. Wote wakauawa, na yule mwenye bustani pia. Katika watenda kazi wale wote walibaki hai watatu tu, na Rachel Auerbach alikuwa mmoja wao.

Wale waliosalia hawakusema, "Yamepita." Mwezi wa Septemba 1946, Warsaw ikiwa vifusi vitupu, waliitafuta ile shule, wakachimba, wakayapata masanduku ya bati. Maji yalikuwa yameingia. Karatasi zikakaushwa moja moja. Vile vyombo vya maziwa vilionekana tarehe 1 Desemba 1950. Fungu la tatu, lililofukiwa mwaka 1943, halikupatikana. Kurasa zipatazo 35,000 zatunzwa leo Warsaw, katika Taasisi ya Historia ya Wayahudi iliyoanzishwa mwaka 1947, na mwaka 1999 ziliandikwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za ulimwengu.

Katika desturi ya Wayahudi, kitabu kitakatifu kilichochakaa hakitupwi wala hakichomwi. Huwekwa mahali pa stara au huzikwa ardhini kama mtu, kwa heshima ya Jina la Mungu lililoandikwa ndani yake. Huko Warsaw walizika karatasi zisizo takatifu: tikiti na insha ya mtoto. Lakini sisi twadhani hazikuwa chini ya heshima ile, maana ndani yake liliandikwa jina la mtu, naye mtu amefanywa kwa mfano wa Mungu.

Mtu aweza kusema: hao walikuwa Wayahudi wakitunza mambo yao, sisi Wakristo twaingiaje? Twende basi Denmark, nchi ya Walutheri. Wajerumani walikuwa wameishika tangu Aprili 1940. Mwisho wa Septemba 1943 habari zilivuja ya kuwa Wayahudi watakamatwa. Watu wakawaficha katika nyumba, hospitali na makanisa, na wavuvi wakawavusha baharini usiku hadi Uswidi, watu zaidi ya 7,000. Jumapili tarehe 3 Oktoba 1943 ilisomwa makanisani barua ya maaskofu wa Kilutheri iliyopinga mateso ya Wayahudi. Nazo gombo za Torati za sinagogi kuu ya Copenhagen zilifichwa katika kanisa la Trinitatis, kanisa la Kilutheri. Zikakaa humo hata vita ikaisha, kisha zikarudishwa kwa wenyewe.

Tulizingatie jambo hili. Walutheri wa Eisenach na Walutheri wa Copenhagen walifundishwa Katekisimo ile ile. Amri ya nane iliandikwa kwa maneno yale yale. Hawa walifuta neno la Kiebrania katika kitabu chao cha nyimbo. Wale waliipokea Torati nzima ya Kiebrania chini ya paa la kanisa, wakailinda, wakairudisha. Hiyo ndiyo tofauti ya nyara na amana, wala hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta.

Basi, amana yajulikanaje? Twaona alama tatu. Ya kwanza, mwenyewe husikilizwa kwanza. Anayetaka kujua habari za Wayahudi asianze na maadui wao, wala asianze hata na sisi tunaowahurumia. Aanze na maneno yao. Ya pili, amana hutunzwa nzima. Si haki kuwakumbuka Wayahudi wa Ulaya kwa kufa kwao tu, kana kwamba waliishi ili waje wauawe. Kwa ajili hiyo twaona vema ya kuwa huko Warsaw, mahali palipokuwa na ukuta, pamejengwa nyumba ya makumbusho iitwayo POLIN, ambayo tangu mwaka 2014 yaonyesha historia ya Wayahudi wa Poland kwa muda wa miaka elfu: masoko yao, shule zao, arusi zao, sala zao, si kifo peke yake. Ya tatu, amana hurudishwa. Kinachorudi chaweza kuwa kitabu. Chaweza kuwa jina jema. Na mahali pengine chaweza kuwa ungamo.

Ungamo hilo Walutheri wamelianza. Mwaka 1983 wajumbe wa Kilutheri walikutana na wajumbe wa Kiyahudi huko Stockholm, wakakubali ya kuwa maneno yale ya Luther ni dhambi, na ya kuwa hayawezi kutetewa. Mwaka 1994 kanisa kubwa la Kilutheri la Marekani likatangaza hivyo hivyo mbele ya Wayahudi. Wala Katekisimo haikuanguka kwa sababu hiyo.

Laiti maswali yote yangekuwa mepesi namna hii. Liko moja linalotushinda kidogo, nasi hatutaki kulificha. Katika mji wa Wittenberg, juu ukutani mwa kanisa alimohubiri Luther, kuna sanamu ya mawe iliyochongwa karne ya 13. Yawaonyesha Wayahudi pamoja na nguruwe kwa namna ya aibu ambayo hatuwezi kuieleza katika gazeti la Kanisa. Mwaka 1988 usharika uliweka chini yake bamba la ukumbusho, kuwataja Wayahudi waliouawa na kukiri ubaya wa kazi ile. Myahudi mmoja alikwenda mahakamani akitaka sanamu iondolewe, kwa kuwa yamtukana kila siku. Mwaka 2022 mahakama kuu ya Ujerumani iliamua ya kuwa yaweza kubaki, kwa sababu pamoja na bamba lile imegeuka kuwa ukumbusho wa onyo.

Tungeamuaje sisi? Upande mmoja twasema: jiwe lisiondolewe, lisije likawa ndilo vazi la Shemu na Yafethi, kuficha deni. Upande mwingine twasikia sauti ya mtu aliyetukanwa, naye ndiye mwenye amana. Ni rahisi kwa mkosaji kusema kosa lake litunzwe ukutani kama fundisho, na asiyetukanwa huona tusi kuwa jepesi. Kwa fikara zetu, jiwe lafaa kutunzwa, lakini si juu ya nyumba ya sala. Litunzwe chini, ndani ya nyumba ya mafundisho, pamoja na maelezo yake, ili mtu aende kulisoma kwa kusudi, na Myahudi apitaye njiani asitukanwe na kanisa. Twajua ndugu wenye hekima huamua vingine. Hata hivyo kipimo ni kile kile: tusiulize kwanza ni lipi linalotupa sisi heshima, tuulize mwenyewe asemaje.

Sasa, waalimu na wainjilisti, tuje kwetu. Hapa hatuna sinagogi zilizochomwa wala masanduku ya kuchimbua. Lakini tuna mimbari, na tuna darasa la kipaimara. Kila Juma Takatifu twasoma habari za mateso ya Bwana. Tusiseme "Wayahudi walimwua Yesu" kana kwamba taifa zima, na wajukuu wao wote, wana hatia ile. Yesu ni Myahudi, Mariamu ni Myahudi, mitume ni Wayahudi, na aliyetoa hukumu ni Pilato Mrumi. Nasi twafundisha ya kuwa ni dhambi zetu zilizompeleka msalabani. Tusiligeuze fundisho hilo siku ya Ijumaa Kuu. Tusilitumie jina "Farisayo" kama tusi la kila mnafiki, maana Nikodemo alikuwa Farisayo, na Paulo pia. Na mtoto akiuliza juu ya kitabu cha mwaka 1543, tusimkemee. Tumwambie: ndiyo, aliandika, ni dhambi, nasi twalisema ili lisirudiwe.

Wala mtu asidhani ya kuwa twaingia katika ugomvi wa mataifa ya leo. Matendo ya serikali yoyote, hata ya Israeli, Mkristo aweza kuyapima kwa haki, na kuwalilia wote wanaoumia pande zote. Lakini kupenda serikali au kuikasirikia hakumpi mtu ruhusa kusema uongo juu ya taifa la watu na baba zao waliokufa. Amri ya nane haina likizo wakati wa vita.

Tulipomaliza kuyafikiri haya, tulimwendea yule mzee nyumbani kwake. Tulimweleza habari za gombo za Torati katika kanisa la Copenhagen. Alisikiliza, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Basi vazi lilikuwapo, ila si juu ya Luther, lilikuwa juu ya jirani." Hatukuwa na neno la kuongeza, wala hatuna hata sasa.

Bwana atupe ulimi wa kweli juu ya jirani zetu walio hai na waliokufa, na mikono ya uaminifu kwa kila amana. Amina.